Kachumbari ya Kulsumbai

Pate, 12 Juni 1956

Kwa dadangu Umulkheir, Amu.

Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, ila magoti, ambayo yametangulia kuzeeka bila kuningoja. Nawe hujambo? Kifua kimepoa? Na mjukuu wako Twahira, mumewe keshanenepa?

Sasa habari, nawe usiichane barua kabla hujaimaliza. Jana nahodha Yunusi kaniletea kabichi kutoka Amu. Imetoka kwa Kulsumbai, mke wa yule Bohora wa duka la nafaka nilikobeba magunia ujanani. Yunusi asema Jumapili bibi huyo anaondoka, arudi Uhindi kufia kwao. Ameniaga kwa kabichi. Wewe hakukutaja, hata kwa ubaya.

Nikakaa nikaitazama kabichi ile mpaka ikanichosha. Nikakumbuka harusi ya Twahira, ulivyonisimulia mwenyewe kwa majivuno: Kulsumbai alisema kachumbari ni neno la kwao, nawe ukamwita mwizi wa chakula cha mamako, mbele ya wanawake wote. Akaondoka hajatia tonge kinywani. Mwaka wa pili huu hamsalimiani, na hoja yako ni moja tu: kakangu Bwanamkuu kasema neno ni la Pate, tumelirithi kwa bibi yetu, mpishi wa masultani.

Dada, bibi yetu hata uji ulimshinda. Maneno yale niliyazua barazani. Watu wakanisikiliza, nikanogewa.

Ukweli ni huu. Mama alipougua, kinywa kikakataa kila kitu, nawe hujaota meno, Kulsumbai alikuja na kabichi. Alikuwa bibi harusi mpya, hata salamu zetu hazijui. Akaikata nyembamba kama uzi, akaifikicha kwa chumvi na ndimu. Mama akala, akauliza jina. Akaambiwa kachumbari, ndivyo kwao waitavyo vitu vibichi vilivyokatwakatwa. Mama alilirudia siku nzima, akicheka. Ndiyo hiyo aliyokuja kukufunza wewe.

Nimechoka, Umulkheir. Uongo huu ni mzito kuliko magunia ya Bohora. Mwizi ni mimi. Kabichi nairudisha kwa Yunusi huyo huyo, pamoja na barua hii. Nenda nayo kwake kabla ya Jumapili, uikate mbele yake, umpakulie yeye kwanza. Jina mwache alitaje mwenyewe.

Ukitaka kunitukana, njoo Pate, mbio sina.

Nisalimie Twahira, na majirani wote, hata wasionipenda.

Ni mimi nduguyo,
Bwanamkuu