Kaka Yako Alikuwa Fundi Viatu

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, 14 Agosti

Mpendwa Wifi,

Hujambo? Goti lako limetulia, au bado unalibembeleza kwa dawa ya kuchua? Mimi mzima. Binti yetu naye mzima, ila chakula anakigusagusa tu. Tunajua ni daktari aliyekuzuia kusafiri kuja kumzika kaka yako, kwa hiyo acha kujilaumu.

Sasa nikueleze mazishi, maana najua kaka yenu mkubwa amekwisha kukujaza maneno kwa simu. Miaka kumi na mmoja yule bwana hakukanyaga kwangu. Siku hiyo kaja na suti mpya na karatasi nne, na kilio kakianza kabla hajashuka garini.

Akasoma wasifu wa marehemu. Wifi, nilidhani nimekosea msiba! Eti "mfanyabiashara mashuhuri wa bidhaa za ngozi." Mume wangu huyu huyu, aliyekaa miaka thelathini kwenye kibanda cha mabati kando ya stendi, kidole gumba cheusi kwa rangi! Neno viatu halikutajwa hata mara moja. Nusu ya waombolezaji walikuwa wamevaa alivyowashonea, wakabaki kutazamana.

Tena akaleta viatu vipya vya kumvisha maiti. Nikavipindua. Soli imebandikwa kwa gundi, uzi hakuna hata mmoja! Unamjua marehemu kaka yako. Mteja akimletea kiatu cha gundi alikishika kwa vidole viwili, akasema, "Mama, hiki si kiatu, hii ni ahadi." Nikavirudisha kwenye boksi, nikamvisha vyake vya zamani. Shemeji alinuna mpaka makaburini. Na anune.

Mtu mwenyewe aliyezikwa hakusemwa. Kabla hajagusa kiatu alimwambia mteja atembee kidogo mbele ya kibanda, kwenda na kurudi. Alijua nani anaegemea kushoto, nani mgongo unamuuma, akakata kisigino kufuata mwendo wake. Kiatu kimoja cha binti yetu alikitilia ngozi ndani, kipande baada ya kipande kadiri alivyokua, hata darasani kwao hakuna aliyejua kwamba ana mguu mfupi. Huyo ndiye mume niliyemzalia. Suti ile na karatasi zake nne haimfikii hata kwenye kisigino.

Sasa jambo lenyewe. Jiwe la kaburi litachongwa mwisho wa mwezi. Shemeji amekwenda kuagiza liandikwe Mfanyabiashara Mashuhuri. Mimi nataka Fundi Viatu. Mchongaji hataki ugomvi wa familia. Anasema kauli ya mjane peke yake haitoshi, nimletee maandishi ya ndugu mmoja wa damu. Mmebaki wawili tu, na huyo mmoja ndiyo hivyo tena.

Nimemsema shemeji mpaka wino unakauka, lakini yapo ya kwangu pia. Binti alipoanza shule, mimi ndiye niliyejaza fomu. Nilipofika kwenye kazi ya baba nikaona haya. Akina mama wenye mikoba walikuwa wamenizunguka pale mezani. Nikaandika mfanyabiashara. Kaka yako alikuwa amesimama nyuma yangu, akasoma. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaifunika, akasema, "Twende, mke wangu, tutachelewa." Hakulitaja tena. Nilikuwa na miaka kumi na minne ya kumwomba radhi na sikumwomba. Heri angenigombeza.

Kwa hiyo, Wifi, niandikie upesi, mistari miwili tu na sahihi yako. Sitaki neno lile liandikwe mara ya pili, na safari hii kwenye jiwe.

Msalimie mumeo na wanao wote, hasa kitindamimba wako na maneno yake mengi. Binti yetu anakushika miguu, shangazi yake. Mungu akupe afya, na siku moja akulete kwenye kaburi la kaka yako ukamsalimie mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye,

Wifi yako, mke wa fundi viatu