Kidoa Kwenye Pafu la Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Kuna kidoa. Pafu la kushoto, upande uleule nilikotolewa titi. Daktari kageuza kompyuta ili nami nione. Huenda ni kovu la mionzi, kasema. Huenda si kovu. Ni kidogo mno kukichoma sindano na kukipima. Turudie picha baada ya miezi mitatu, mama, kwa sasa endelea na maisha. Endelea na maisha! Nilidhani ndicho nilichokuwa nikifanya.

Nilitaka kumwuliza kama wamefuta lenzi. Nimezeekea studio ya picha, vidoa navijua — vumbi, alama ya kidole, tone la dawa. Mume wangu ndiye aliyeuliza, kwa adabu zote: Daktari, samahani, hii mashine yenu mnaisafisha na nini? Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kucheka kukaisha, machozi yakaendelea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda studio. Wateja wawili, picha za pasipoti. Siku hizi kila mtu anajipiga mwenyewe kwa simu. Chumba cha giza tumekigeuza stoo, lakini ukifungua mlango harufu ya dawa bado ipo, inapanda puani. Nikageuza ndoo, nikaketi.

Nilikuja hapa kujifunza kazi, msichana mwenye nywele nyingi na mdomo mwingi zaidi. Huyu mume wangu ndiye aliyekuwa fundi. Tulisimama wote wekundu kwa ile taa nyekundu, tumeinamia trei ya dawa, tukingoja sura ya mtu itokee kwenye karatasi. Kwanza nywele. Kisha macho. Usiitoe mapema, alikuwa akiniambia, subiri. Bega lake na langu. Jamani, nilivyopenda kusubiri enzi zile! Nilikuwa nikiomba picha zisiishe.

Ijumaa, 7 Machi

Dada mkubwa kapiga simu. Kasema nisiwaze. Nikamwambia sawa.

Nimewaza.

Jumapili, 16 Machi

Nina hasira.

Kabla ya haya ya kidoa tulipiga picha ya familia, kitindamimba wetu alipomaliza chuo. Leo Fundi Tabasamu — ndivyo wateja wanavyomwita mume wangu, na mwenyewe kajikubali — kaileta, kubwa, ndani ya fremu. Mwanga mzuri. Binti kapendeza. Nikajitazama kifuani. Gauni limejaa pande zote mbili.

Siku ile sikuvaa sponji langu la kujazia sidiria! Lilikuwa likiniwasha, nikaliacha makusudi, nikasema potelea mbali. Kanirudishia titi. Kwa kompyuta, na kivuli chake chini, safi, hakuna ambaye angejua.

Nikamwuliza, baba watoto, hii ni nini? Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Haki ya Mungu, mke wangu, sikukusudia, mkono umekwenda wenyewe. Na namwamini, hapo ndipo panaponiuma. Maisha yake yote kafuta chunusi za watu, kafumbua macho ya waliofumba, kanyoosha kola. Akiona pengo, anajaza. Hata hakuwaza kwamba ni mimi.

Nikamwambia: kama unajua hivyo kurekebisha, basi kifute na kile kidoa.

Akainuka mezani. Hata chakula hakugusa.

Jumatatu, 17 Machi

Kaichapa upya. Upande mmoja bapa, gauni limekunjamana. Sikujua nimekonda namna hii. Binti kasema, hii ndiyo wewe, mama. Tumeitundika sebuleni. Mume wangu kaipima kwa rula mara tatu isikae upande, nami nikamshikia ngazi. Tumepatana bila kusema tumepatana, kama kawaida yetu.

Ile ya jana nimeificha kabatini chini ya vitenge. Kanipa niitupe, sikuweza. Yule mwanamke nilimpenda. Alinyonyesha watoto watatu. Alicheza kwenye harusi alizoalikwa na asizoalikwa. Akipita mtaani alijua anatazamwa, akapunguza mwendo. Namkumbuka jamani. Namwonea wivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Chai imenipalia, nikakohoa. Nyumba nzima ikanyamaza. Nimewafokea wote: mtu hata kupaliwa asipaliwe?

Kisha nikaenda chooni, nikakohoa tena kidogo, kusikiliza.

Jumanne, 3 Juni

Hospitali. Naandika ndani ya kile chumba kidogo cha kubadilishia nguo, nimevaa gauni lao la kufunga mgongoni. Mgongo wote nje.

Picha zimepigwa. Mama wa mashine ana sauti nzuri, angefaa studio. Vuta pumzi, shikilia, achia. Asante mama, nenda kavae. Nikaona mbona upesi! Nikaanza hata kuimba kimoyomoyo. Nimeshika blauzi, kagonga mlango. Usivae kwanza, mama, tunarudia chache.

Nikamwuliza, nilitikisika?

Hapana, mama. Umetulia vizuri kabisa.

Studio mteja tunamrudisha kwenye kiti kwa mambo mawili tu. Ametikisika, au tumeona kitu.

Mume wangu yuko nje, mlangoni. Vipi, umeshavaa? Twende basi tukanywe chai. Nikamwambia bado, wanarudia. Akauliza, kwani ulitikisika? Nikamwambia hapana.

Sasa nasikia anavuta kiti, anakileta karibu kabisa na mlango.