Taa si Keki

Ba,

Leo nimecheka mpaka nikashika ukuta, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia ni wewe. Nikageukia kiti chako cha plastiki pale kona ya gereji. Kipo, lakini ndiyo hivyo tena. Basi nakuandikia, maana habari hii ikinikaa tumboni hadi kesho nitapasuka.

Kwanza za nyumbani. Mwanao Jayesh amerudi salama kutoka India. Majivu yako ameyatia mtoni kama ulivyotaka, na amerudi amekonda, ungemgombeza. Tulsi yako, ule mrihani mtakatifu uliokuwa ukiumwagilia maji kabla hujagusa hata chai, umechipua upya. Mimi nimepewa mzee mwingine wa kumhudumia, hapa hapa mtaani Merrylands, huku huku ughaibuni. Ni mpole sana, ila haniulizi kila nikiingia kama nimepata choo. Sikujua kama swali lile lingeniacha na upweke.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja na glavu zangu na Kiingereza changu cha kazini, wewe ukasoma jina langu kwenye kitambulisho. "Nafula? Wewe natoka Kakamega? Mimi zaliwa Kisumu!" Basi, Kiingereza kikaisha siku hiyo, nami nikaanza kukuita Ba, yaani mama, kama Jayesh. Nililetwa kukuhudumia, lakini wewe ndiye uliyenikalisha ukanipaka mafuta ya ufuta mikononi, ukasema kila mtu ana upepo wake, moto wake na maji yake, na kwamba mimi moto umenizidi, niache pilipili. Pilipili sikuacha, nisamehe. Na vidonge vyako vya presha hukuviruka hata siku moja: "Daktari na kazi yake, jiko na kazi yake."

Halafu Jumamosi zetu za yoga. Gari la Jayesh nje, mikeka ndani, taa ya shaba katikati na kijiko kimoja cha samli. Unasema Om, neno lenu la sala, mara tatu, kisha tunalisalimia jua. Nilikuwa nasimama nyuma yako nikushike usianguke. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa chali kwenye mkeka, na wewe ndiye unayenisimamia.

Siku ile ya kwanza, darasa lilipoisha, nikaona nikusaidie kazi. Nikainama, nikaipuliza taa. Ulipiga kelele hadi mbwa wa jirani akaitikia: "Weh! Taa si keki!" Baadaye ukanieleza taratibu kwamba ule moto umekaribishwa kama mgeni, na mgeni hapulizwi usoni ili aondoke. Anangojewa mpaka aage mwenyewe. Ndiyo maana samli ilikuwa kijiko kimoja tu, inatosha darasa na chai ya maziwa na binzari, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani taa ikiwaka.

Mama Furaha bado anazihadithia Jumamosi hizo. Siku ulipotuambia tulale kama maiti, yeye, ambaye mgongo wake umechoshwa na maboksi ya ghala kule Ingleburn, alikaa akakataa. "Miye nilikimbia maiti kwetu Kongo, sasa unataka nilale sawa maiti?" Ukamtazama, ukasema, "Basi lala kama mtoto ameshiba." Akalala, akalia kidogo, akasinzia. Na wiki iliyofuata alipoanza kumsengenya jirani yake ukamkata: hatua ya kwanza ya yoga ni kutomuumiza mtu, kwa hiyo ameshaivunja kabla hajainua mguu. Tulicheka siku nzima.

Sasa nikuambie ukweli. Pale hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Darasa endelea. Lakini usikate kichwa. Watu nachukua mguu, nachukua mkono, kichwa naacha." Nikajua kichwa ni taa na sala, nikakuahidi. Ba, niliahidi kwa mdomo tu. Mimi ni binti wa katekista. Mke wa mchungaji wetu alishasema mbele ya akina mama wote kwamba yoga ni ibada ya watu wengine. Kuinama nyuma yako niliweza. Kuiwasha taa ile kwa mkono wangu, niliogopa.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza baada yako niliificha taa kabatini, nikasema ni mazoezi ya viungo. Dakika ishirini hazijaisha watu wakaanza kutazama simu. Mama Furaha, anayeomba kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, akakunja mkeka wake. "Hii ni jimu. Ba iko wapi humu?" Na yeye huja kwa treni kutoka mbali, Mount Druitt! Akaondoka bila chai. Nikajua akiacha yeye, darasa lako limekufa, na aliyeliua ni mimi.

Nikaenda kwa Jayesh kuuliza kama mtu wa dini nyingine anaweza kuiwasha. Akaniletea utambi wa pamba na mkebe wako wa samli. "Useme tu imetoka wapi," akasema.

Leo nimesema, mbele ya Mama Furaha niliyemsihi arudi. Nimewaambia hili ni jambo la Wahindu, lilikuwa sala kabla halijawa mazoezi, na tumelipokea kwako. Nikasema mimi ni Mkristo, wakati wa Om nitanyamaza niombe nijuavyo, anayetaka aitikie. Jayesh aliitikia kutoka mlangoni. Na nyuma yake, Ba, amesimama nani? Mama Mchungaji! Mkoba kwapani, amekuja kujionea mwenyewe.

Nikatamani kuirudisha kabatini. Lakini taa ilikuwa imeshawaka. Akavua viatu, akatandaza mtandio wake sakafuni, akafanya alichoweza. Tulipolala, yeye ndiye aliyekoroma.

Tukaamka. Mama wa watu, kwa adabu yake, akaona moto umeachwa hivi hivi na kikao kimekwisha. Akainama, akajaza mashavu.

"Weh! Taa si keki!"

Gereji nzima, Ba! Mama Furaha ndiye aliyeanza, kwa sauti yako kabisa. Mbwa wa jirani akaitikia. Mama Mchungaji amebaki mashavu yamejaa, macho yamemtoka, kisha akaishusha ile pumzi kupitia puani, polepole, vile vile ulivyotufundisha. Nikamweleza habari ya mgeni huku nikingoja kukemewa. "Mimi nitaendelea kumwomba Mungu wangu," akasema, "lakini mgeni ni mgeni. Tumsubiri." Akakaa, akanywa vikombe viwili, akauliza binzari inatiwa kabla au baada ya maziwa kuchemka. Taa ikazimika yenyewe tukiwa bado tunacheka.

Hata wewe uliaga hivyo. Asubuhi ile nilikuwa nimekushika mkono, na hakuna aliyekuharakisha. Nilikuwa nalikumbuka jambo hilo kwa uchungu. Leo nalikumbuka kwa shukrani.

Kwaheri, Ba wangu. Kichwa sikikati. Kila Jumamosi samli kijiko kimoja, na nitasema imetoka kwa nani.

Na lile swali lako la kila asubuhi: ndiyo, Ba. Leo asubuhi nimepata.

Binti yako,
Nafula