Viatu vya kaka

Mwenzangu, nimelikoroga. Nimejifungia chooni.

Ile divai ya kupikia, ile tamu iliyotiwa pombe kali. Leo nimeitumia mara mbili. Ya mchuzi wa nyama niliichemsha mpaka ukali ukaisha. Ya krimu ya baada ya chakula nikaimimina hivihivi, mbichi. Mbichi, jamani!

Na kaka yangu yupo mezani. Kaka huyuhuyu tuliyekuwa tunamwokota baa mimi na wewe, kabla hajaacha pombe.

Amekula bakuli zima. Akalikomba. Wageni wakacheka, eti krimu imempata mwenyewe. Na mimi nacheka nao, sina habari.

Nikamfuata jikoni, nikamkuta ameinamia sinki. "Dada, nilijua tangu kijiko cha kwanza. Nimemaliza tu nisikuaibishe mbele za watu."

Asiniaibishe! Mimi!

Nikaanza kulia, namwomba msamaha. Hata hanisikilizi, anavua viatu. Akanipa mkononi.

"Vifiche, dada. Kiu imeamka. Nikiviona tu, naondoka kwenda baa."

Ninavyo hapa mapajani. Sasa hivi anagonga mlango, polepole, anaviomba.