Chupa ya Babake Madam

Dadangu Sidi,

Salamu kutoka Jeddah, ambako hata kivulini mtu analowa jasho.

Wiki hii madam wangu, yule mhandisi Mwitaliano, alitembelewa na babake. Hawakuwa wamesemezana miaka sita, tangu madam akatae kurithi shamba la mizabibu la ukoo wao. Mzee alimletea chupa ya divai nyekundu aliyoiweka ghalani mwaka aliozaliwa madam. Huku pombe ni haramu, kwa hivyo uwanja wa ndege wakaichukua. Akafika mlangoni mikono mitupu.

Nilimkaribisha kwa Kiitaliano chetu cha watalii wa Malindi. Akanishika mkono. "Nimeitunza miaka thelathini na nane. Sasa nitamwambia nini?"

Madam alikuwa ameshasikia. "Baba, mimi sijawahi kupenda divai."

"Hata mimi," mzee akasema. "Niliogopa kumwambia babangu."

Nikawamiminia juisi ya ukwaju. Walimaliza jagi zima, wakicheka mpaka mzee akatokwa na machozi. Sasa wanataka kupanda mizeituni kule shambani, ambayo matunda yake angalau wote wawili wanayala.

Nibusie watoto, na Mama asiache kumeza dawa zake.

Mdogo wako akupendaye,
Dama