Kengele ya Mi Haikurudi

Baba mpendwa,

Habari za Voi na za kwaya yako? Huku Lodwar jua lingeweza kuchemsha chai bila kuni. Nimekaribishwa na kina Akiru, rafiki yangu wa chuo cha muziki, na mazoezi ya masikio nimekuja nayo. Katika kundi la mama yake, mbuzi wanne wanavaa kengele. Kila asubuhi wakitoka nafumba macho na kuzitaja sauti: do, mi, so, la.

Jana jioni kundi lilirudi na vumbi lake. Mama Akiru alikuwa ananimiminia chai. Ghafla mkono wake ukasimama, na papo hapo mimi nikapiga kelele, "Mi haipo!"

Akanitazama. "Hata wewe umesikia?"

Akaweka birika chini, tukakimbilia kwenye mto mkavu. Tulimkuta mbuzi amenaswa pembe katika miiba ya mti wa mathenge, na fisi wa huku hawangoji kukuche. Mama Akiru alimbeba mabegani akiwatangazia majirani njia nzima: "Huyu mgeni masikio yake iko sawa! Ejok!" yaani vizuri kwa Kiturkana. Hajawahi kuona noti ya muziki hata moja, lakini sifa yake naithamini kuliko alama za mtihani.

Baba, ulisema mbele ya kwaya kwamba masikio yangu ni ya kuning'inizia hereni tu. Nakupenda sana, nisalimie Mama, na Jumapili uwasimulie habari za mbuzi huyu. Wanakwaya wote, hata wale wa besi waliocheka.

Binti yako,
Neema