Bugali Yenye Haya

Kutoka Ntoto

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Papa, nikitumaini kwamba kile kikohozi kimekuachia na ng'ombe wanatoa maziwa. Mwili wangu ni mzima. Roho ndiyo haitulii.

Shuleni mimi huwafundisha watoto kwamba mstaarabu ni mtu anayejua kuzuia tamaa yake mbele ya wengine. Maana hiyo niliipata kwako, uliyetuzoeza kufunga mlango kabla ya kula, ili njaa yetu isiwe kitu cha kutazamwa. Niliiona imekamilika. Huku imepasuka.

Mama Agathe, mwenye nyumba yangu, hula uani na kumwita kila apitaye njiani. Mwanzoni alinitania tu, akiuliza kama bugali yangu iko na haya. Baadaye majirani wakaanza kunong'ona: wengine eti ninaficha nyama, wengine eti ninaogopa sumu yao. Nilimweleza kwamba kwetu kujifungia ni adabu. Akafikiri, kisha akauliza kwa upole: mwenye iko na njaa akipita, ile adabu atakula? Nilirudia maana yangu neno kwa neno. Kila neno lilisimama imara. Mwenye njaa tu ndiye hakuwamo.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Jado, mtoto wa Mama Agathe, anataka kunioa, nami nimekubali. Wajomba zake walikataa, wakisema kwamba mwanamke anayekula kwa kujificha atawanyima wageni wa ukoo chakula. Kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, niliketi uani nikala bugali na majani ya sombe kwa mkono mbele ya wanaume na wapita njia. Mama Agathe aliniambia nitafune, hii si mtihani. Niliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo, Mama. Na kabla sahani haijaisha nikajikuta ninacheka.

Wajomba wameridhika. Mwezi ujao watapanda huko kwetu Masisi kuniposa, na watataka kula pamoja nanyi. Mkiwatengea chumba na kuwaacha wale peke yao, ninyi mtakuwa mmewaheshimu, wao watakuwa wamefukuzwa. Wala siwezi kukuomba ule mbele yao bila kukuomba uvue kile ulichonilea nacho.

Nisalimie Papa na dada Claudette, na Mungu awafunike kwa amani. Nijibu hili moja: siku hiyo ustaarabu utakuwa upi, wewe kula mbele yao, au wao kuvumilia kwamba huli?

Mwanao,
Umulisa